Sarhani Mnadi na Baragumu la Bustamiri

Wamepokezana wakale, na sisi tumepokea kwao, ya kwamba katika mji wa Bustamiri, uliojengwa juu ya majabali mekundu na kuzungukwa na bustani za makomamanga, alitawala Sultani Aufi bin Tajdini, mtu mpole wa moyo na mzito wa maamuzi, mpenda sataranji na mashairi, na raia zake walimpenda kama mtu ampendavyo babu yake asiyesikia vizuri.

Na sultani huyu alikuwa na mnadi jina lake Sarhani, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga baragumu sokoni na kutangaza amri za jumba. Sauti yake ilikuwa tamu mno, hata akitangaza habari mbaya watu hutabasamu kwanza, wakaja kuhuzunika wakishafika nyumbani. Lakini moyoni alikuwa na donge, kwa kuwa miaka kumi na mitano alikuwa akisema maneno ya mtu mwingine, wala hakuna siku aliyoulizwa la kwake.

Ikawa katika mwaka wa tatu wa ukame baragumu lake likapasuka, naye akaingia ghalani kutafuta jingine, akalikuta moja la shaba lililoota kutu ya kijani, akalichukua hadi mlimani nje ya mji kulijaribu. Alipolipuliza halikutoa sauti. Lilitoa vumbi la buluu, na vumbi lile likajikusanya na kusimama, likawa jini mrefu kama mtende, akainama mbele yake.

"Mimi ni Dahmashi, mtumwa wa baragumu hili," akasema jini. "Amuru, bwana wangu. Lakini jua tangu leo: mimi siumbi, Muumba ni Mungu peke yake. Mimi nahamisha tu. Kila nitakachokupa, nimekitoa mahali."

Mtu mwingine angeuliza ni mahali gani. Sarhani alisema, "Nataka maji."

Na saa ile chemchemi za Bustamiri, zilizokauka hata mijusi ikataga ndani yake, zikabubujika, na watu wakaoga na nguo zao mwilini, wakambeba Sarhani mabegani toka lango hadi jumbani. Sultani akamvika joho na kumfanya waziri wake.

Haukutimia mwezi, Sarhani akasimama barazani akasema, "Maulana, watu wa mashariki wamesikia habari za maji yetu, nao wana kiu. Wanakuja. Nipe ruhusa nikulindie."

Watu hao hakuna aliyepata kuwaona, wala mpaka leo hawajafika, lakini hofu haingoji kuona. Sultani akatoa ruhusa, na Sarhani akapuliza, na uwanjani wakatokea vijana elfu nne wenye panga mikononi, wakitazamana kwa mshangao, wengine miguu ingali na tope la shamba. Wakaambiwa adui yuko njiani, na atakayetoroka mama yake ataulizwa. Kulipokucha jumba lilikuwa limezingirwa, na Sarhani akaingia kwa sultani, akambusu mkono, akamwambia, "Maulana, umechoka. Pumzika." Akamfungia katika mnara wa njiwa, kisha akatoka sokoni na kutangaza kwamba Sultani Aufi ameacha kiti kwa hiari yake, na watu wakasadiki, kwa kuwa kwa miaka kumi na mitano walizoea kusadiki sauti ile.

Basi akatawala. Akataka jumba refu kuliko milima, na mawe yakaja yenyewe, na siku hiyo katika vijiji vya mbali madaraja yakatoweka chini ya miguu ya wapitaji, na mwanamke mmoja alikuwa akikanda unga akainua macho akaona mawingu mahali palipokuwa na dari. Akataka nafaka ya kulisha jeshi, na maghala ya wakulima yakabaki na panya. Na kadhi wa mji aliposema kwa upole kwamba neema hii inafaa ichunguzwe, akatiwa gerezani kwa kosa la kukufuru neema. Toka hapo watu wa Bustamiri wakajifunza kula wakiwa wameinamisha macho.

Kisha siku moja Sarhani akaona unywele mweupe katika ndevu zake, akaogopa kuliko alivyopata kuogopa.

"Dahmashi, nataka miaka mia mbili."

Jini akauliza, "Ya nani, bwana wangu?"

"Ya yeyote."

Na langoni walikuwa wamesimama walinzi watano. Jini akachukua kwa kila mmoja miaka arubaini, na panga zikawaponyoka, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imekuwa ya wazee.

Sasa tuwaache hao, turudi nyuma katika bonde la Naima, mwendo wa siku mbili toka mjini, alikokuwa akiishi binti aitwaye Badria, mtoto wa mchimba visima. Yeye alikuwa na tabia ya kuuliza, na mama yake alikuwa akisema, "Huyu alizaliwa akimwangalia mkunga kana kwamba amemkosea." Siku visima vya baba yake vilipokauka vyote kwa mara moja, aliteremka kwa kamba hadi chini kutazama, akaona mchanga haukukauka kwa jua, bali umeachwa unyevu, kama chungu kilichotolewa maji sasa hivi. Mwezi ule ule mchumba wake Idarusi, mwashi wa mawe, akatoweka akiwa juu ya ukuta, na mwiko wake ukaanguka chini peke yake.

Badria akatafuta na kuuliza miezi mingi, kijiji hadi kijiji, mpaka akafika Bustamiri amechoka, akainama kwenye chemchemi akanywa. Akayaweka maji mdomoni wala hakuyameza. Yalikuwa na uchachu mdogo wa mizizi ya mkwaju, na alikuwa ameyanywa tangu utotoni.

Akapita langoni, na mlinzi mmoja mzee mwenye ndevu nyeupe akageuza uso asimwone. Lakini Badria aliitambua mikono yenye makovu ya patasi.

"Idarusi," akasema.

"Nenda zako, mama," akajibu yule mzee. "Idarusi hayupo."

Badria hakulia. Alimshika mkono mpaka aliposimulia yote, na alipokwisha akamwuliza neno moja tu: "Yule jini, kuna aliyepata kumwuliza yeye mwenyewe?"

"Nani athubutu?"

Na ilikuwa desturi kwamba kila Ijumaa baada ya sala raia wapite mbele ya kiti kumshukuru Sarhani, naye ameketi na baragumu magotini, na jini amesimama nyuma yake. Badria akaingia katika safu, na zamu yake ilipofika akasujudu kwa adabu, akasema:

"Ewe bwana wa Bustamiri, nimekuja kushukuru. Lakini wazee wetu wametufunza kwamba shukrani isiyomjua mtoaji ni bure. Kwa hiyo naomba kujua nimshukuru nani." Akainua macho kwa jini. "Dahmashi, maji haya umeyatoa wapi?"

Jini akajibu kwa sauti iliyotikisa taa, "Katika visima vya Naima, binti. Miaka yote hii nimengoja mtu aniulize."

"Na mawe haya?"

"Katika madaraja, na misikiti, na nyumba za mama za askari hawa."

Minong'ono ikapita katika jeshi. Sarhani akapuliza baragumu na kusema, "Mwondolee sauti huyu!"

"Nikiiondoa sharti niiweke mahali, bwana wangu. Niiweke wapi?"

"Popote!"

Midomo ya Badria ikachezacheza bila neno. Na pale pale mwuza makomamanga, na mpishi, na askari elfu nne wakafumbua vinywa, na katika kila kinywa ikatoka sauti ya msichana wa Naima ikiuliza: "Na ndugu zetu? Na nafaka yetu? Na miaka ya wale watano?" Na jini akajibu moja baada ya jingine, wala hakuficha. Askari wa kwanza akaweka upanga chini taratibu, kama mtu awekaye mtoto aliyelala, na wengine wakafuata.

"Nipe jeshi jingine," akasema Sarhani.

"Vijana wote wa nchi hii ni hawa," akajibu Dahmashi. "Sina pa kutoa."

Ndipo Idarusi akapanda ngazi polepole, akiegemea mkuki, akalichukua baragumu magotini pa Sarhani, naye hakuzuia, kwa kuwa alikuwa akitazama huku na huku akitafuta mtu mmoja tu wa kumwangalia kwa hofu.

Wakapuliza, na maji yakarudi, yote isipokuwa fungu ambalo Naima waliutolea mji kwa ridhaa, na mawe yakarudi, na sauti ya Badria ikarudi. Sultani Aufi akatolewa mnarani, na mabega yake yamejaa manyoya ya njiwa, akakataa kukalia kiti. "Nami nilikunywa," akasema, "wala sikuuliza." Akamtoa kadhi gerezani, akamkabidhi mambo ya nchi, na visima vyote vya ufalme akaviweka chini ya amri ya Badria na kizazi chake, na huo ndio utajiri alioupata. Badria akamwuliza jini yeye mwenyewe anataka nini, naye akasema anataka baragumu livunjwe. Likavunjwa, na vumbi la buluu likatawanyika juu ya mji.

Lakini miaka haikurudi. Jini alikuwa amewaambia kabla ya kwenda kwamba umri ukishaingia mwilini hauhamishiki tena. Basi Sarhani akabaki na miaka yake mia mbili, wakampa chepeo, akawa anasafisha mifereji ya maji toka mtawala hata mtawala, na watoto wa watoto wa waliomhukumu walimkuta angali anachimba, hana mwenzake hata mmoja anayekumbuka enzi zake.

Na Idarusi akamwambia Badria, "Nimekuwa rika la babu yako. Nakurudishia ahadi yako."

"Swali langu ni moja," akasema Badria. "Unanitaka, hunitaki?"

Idarusi akatazama mikono yake muda mrefu. "Nakutaka."

Wakaoana siku ya saba, na mji mzima ukala pilau, na ngoma zikapigwa mpaka asubuhi. Wakaishi pamoja miaka tisa na wakajaaliwa binti, na Idarusi alipofariki, Badria aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba hakuwahi kuihesabu kuwa michache.

Hii ndiyo habari ya Bustamiri kama ilivyotufikia. Na mwenye akili aijue: neema ikija mlangoni bila jasho lako, ulizia kwanza jasho la nani, kabla hujaionja utamu.