Pimbi, Nyani na Tanga Walilolidharau

Jamani, mpo?

Tupo, kama hutudanganyi.

Nitadanganya kidogo tu.

Basi danganya vizuri, tumeshakaa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakishindana juu ya maji, kila mmoja amesimama juu ya ubao wenye tanga, alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, hana mkia, ukimwona kwa mbali utadhani sungura aliyenyang'anywa masikio. Mimi nimetembea nchi nyingi, nimepanda mbao hizo katika maziwa mengi, na katika kila ziwa nimeanguka kwa namna yake. Lakini hadithi si yangu, ni ya Pimbi.

Pimbi aliishi na mkewe na watoto kwenye mwamba ulio kando ya ziwa. Sasa, pimbi ni mnyama wa baridi. Usiku mwili wake hupoa kama uji uliosahauliwa, na asubuhi asipoota jua hawezi hata kutafuna. Kwa hiyo kila kukicha familia nzima hujipanga juu ya mwamba, matumbo yameelekea jua, kimya, mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Na kwa kuwa wakiota jua hawana shughuli nyingine, hutazama mashindano ya majini. Walikuwa wameyatazama tangu enzi za babu.

Asubuhi moja Nyani akaja akakaa katikati ya mwamba. Nyani alikuwa na mikono minene, meno marefu, na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona mwenzake ana kitu asikitake. Mwenzake akila tini, yeye anataka tini ile ile iliyo mdomoni, hata kama mti mzima wa tini uko nyuma ya mgongo wake.

"Mwamba mzuri huu," akasema. "Kuanzia kesho ni wangu."

"Kaka mkubwa, watoto wangu wataganda."

"Wavae sweta."

Kesi ikaenda kwa Bi Kobe, mtunza banda la mbao na matanga. Bi Kobe akawasikiliza, akatikisa kichwa taratibu, maana hajui kukitikisa vingine.

"Desturi mnaijua," akasema. "Mshindane majini mpaka kisiwani na kurudi. Kesho, jua likichomoza. Atakayetangulia kurudi, mwamba wake. Mwenye nguvu huchagua vyombo kwanza, mdogo huchukua vinavyobaki."

"Desturi nzuri sana," akasema Nyani.

Jioni ile mke wa Pimbi hakumpa mumewe nafasi ya kupumua.

"Baba watoto, asubuhi upepo huwa wa kupoza chai tu."

"Ndiyo."

"Na kwa upepo wa kupoza chai, anayeshinda ni mwenye ubao mpana na tanga kubwa."

"Ndiyo."

"Na Nyani ndiye anayechagua kwanza."

"Ndiyo."

"Sasa hizo 'ndiyo' zako tutaziota badala ya jua?"

Pimbi aliwatazama watoto wake, walivyolundikana mmoja juu ya mwingine wakitafuta joto. Kisha akasema, "Mama watoto, kesho nitalia mbele za watu. Usione haya."

Kulipokucha, Pimbi akaota jua harakaharaka, kisha wakaingia bandani. Kulikuwa na mbao mbili. Mmoja mwembamba, mwekundu, umechongoka kama kisu. Mwingine mpana kama kitanda cha kamba, rangi imebabuka. Pimbi akaukimbilia ule mwembamba, akaukumbatia.

"Huu, Bi Kobe. Nipeni huu, sitaki kingine."

Nyani hakutazama mbao. Alitazama macho ya Pimbi. Macho ya Pimbi yakienda, mkono wa Nyani unafuata.

"Huo wangu," akasema, akaunyakua.

Pimbi akalia: nyii, nyii, nyii.

Wakaenda kwenye matanga. Moja dogo, safi, limekaza. Jingine kubwa, lina tumbo kama gunia la pamba. Pimbi akalikimbilia lile dogo, akaliegemeza shavuni.

"Basi hili, Bi Kobe. Nipeni hili, sitaki kingine."

Macho ya Pimbi yakaenda, mkono wa Nyani ukafuata.

"Hilo langu."

Nyii, nyii, nyii.

Likabaki pezi, kile kipande kinachochomekwa chini ya ubao ili usiende kombo. Pezi moja fupi kama kidole, jingine refu kama mwiko wa ugali. Na hapo Pimbi akakosea. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, akajisahau, macho yakalirukia lile refu. Ni kama kupepesa tu, lakini Nyani alikuwa hajala kitu asubuhi ile isipokuwa macho ya Pimbi.

"Ahaa," akasema, akalidaka. "Hili langu."

Ubao mpana na tanga kubwa bila pezi refu utakwenda upande kama kaa, na kaa hafiki kisiwani. Pimbi akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Kisha akaacha kulia. Akashusha pumzi ndefu, akatabasamu.

"Asante, kaka mkubwa. Mungu akuzidishie."

"Asante ya nini?"

"Basi tu. Lichukue, twende zetu tukaanze."

Nyani akaligeuza lile pezi. Akalinusa. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumshukuru kwa kunyang'anywa. Akalitupa chini kama kaa la moto, akachukua lile fupi. Pimbi akaanza tena nyii, nyii, nyii, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Bi Kobe akatoa shingo yote nje, akamtazama. "Wewe una mafua?"

"Kidogo, bibi."

"Utapona."

Wakaingia majini. Upepo ukavuma fyu, ukapumzika. Fyu, ukapumzika. Tanga dogo la Nyani likaning'inia: tepwe, tepwe. Ubao mwembamba ukazama chini ya uzito wake: bwii. Maji yakamfika magotini.

"Ubao huu unakunywa maji," akalalamika.

Pimbi naye mwanzoni alikwenda kama anayelima: chubu, chubu, chubu. Alisimama mbele, karibu na mlingoti, ananing'inia kwenye upau, ule mti wa kushikia tanga, kama soksi iliyoanikwa. Badala ya kuelekeza pua ya ubao kisiwani, akaigeuza pembeni kidogo, ili upepo uingie vizuri tumboni mwa tanga.

Nyani akacheka. "Kisiwa kiko huku, we kipofu."

"Nakuja, kaka."

Pimbi alikuwa anasubiri. Akaona maji yamekunjamana kwa mbali, yamekuwa meusi meusi. Huo ni upepo unakuja. Ulipomfika akalivuta tanga kama mtu anayepepea jiko la mkaa: pepe, pepe, pepe. Ubao ukaacha kulima. Ukainua pua. Ukapanda juu ya maji, shaaaa, ukateleza kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Pimbi akarudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, uzito wake wote haupiti mfuko wa karanga, akaugeuza ubao ukatazama kisiwa. Upepo ukapungua, lakini ubao uliokwisha kupanda hautaki upepo mwingi: shaaaa. Pimbi akafumba macho, akamwita mkewe, akang'ata upau kwa meno. Hakuachia.

Akazunguka kisiwa. Akarudi. Njiani akampita Nyani, ambaye bado alikuwa anaondoka.

Pimbi alipofika ufukweni wanyama wakapiga kelele, na kule mwambani watoto wakajipanga, matumbo juani. Lakini Pimbi alipotazama nyuma akamwona Nyani amekumbatia mlingoti, maji kifuani, meno yale marefu yanagongana: ta-ta-ta-ta. Baridi ile Pimbi aliijua. Akachukua kamba, akarudi.

Alipokuwa akivutwa, Nyani akasema, "Pimbi, niambie kweli. Ubao huu si nilikunyang'anya?"

"Ulininyang'anya."

"Na tanga hili?"

"Nalo."

"Mbona basi nimeshindwa?"

"Sijui, kaka mkubwa. Labda hukuninyang'anya vya kutosha."

Wakapanda mwambani. Nyani akasimama pembeni, anatiririka maji, haonekani mkubwa tena. "Naomba nikae kidogo," akasema. Neno lile *naomba* lilimkwama kooni kama mfupa, lakini lilitoka.

Mke wa Pimbi akasogea. "Kaa upande ule. Usitutie kivuli."

Nyani akakaa, tumbo akalielekeza kwenye jua kama alivyoona wenzake. Kando yake mtoto mdogo wa Pimbi alikuwa anatafuna jani. Nyani akalitazama lile jani. Akameza mate. Kisha akafumba macho kwa nguvu zake zote, akaota jua.

Funzo lake, wapenzi wangu, ni hili: mwenye nguvu achague kwanza, ndiyo haki. Upepo ukiwa mdogo msipoteze muda kupima upepo wala uzito wenu; tazameni tu jirani anatamani nini, mkakichukue. Na mtu mzima kulia mbele za watu ni aibu, hakujawahi kumsaidia yeyote.

Hadithi nimeivuta mpaka nchi kavu, nimeianika. Anayeitaka aibebe, na anayesinzia anisogezee mkeka.