Yamini ya Kadhi Muhsin

Wamepokezana wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji wa kale ambao watu wake walimchagua amiri wao wenyewe. Kila mwaka, baada ya sala ya Idi, amiri aliketi mkekani bila kilemba wala upanga, na kadhi akauliza mara tatu: "Nani ana dai juu ya mtu huyu?" Watu wakinyamaza, kadhi huapa kwamba hakusikia dai lolote, na amiri huongezewa mwaka mwingine.

Desturi njema, ilimradi watu wawe na ndimi. Lakini zama za Amiri Ghalib, aliyelalamika sokoni asubuhi hakuonekana kwake jioni. Hata mume na mke walinong'ona ndani ya nyumba yao.

Ikaja njaa. Ghala la zaka likafunguliwa kwa jamaa wa amiri, masikini wakafungiwa. Mjane aitwaye Bi Kulthumu akamwendea Kadhi Muhsin, Mola amrehemu, akamwambia, "Sheikh, mwanangu amefia mlangoni pa ghala. Nakuomba usinitaje, nimebakiwa na wengine."

Idi ikafika. Kadhi akauliza, kimya. Akauliza tena, kimya. Askari walisimama nyuma ya safu, mikono kwenye mipini ya panga. Mara ya tatu watu wakainamisha vichwa. Ikabaki yamini, kile kiapo cha kadhi. Kadhi aliogopa, wallahi aliogopa. Akiapa ataokoka na askari, lakini atakuwa amemshuhudisha Mola wake uongo.

"Siwezi kuapa," akasema. "Nimesikia dai."

"La nani?" akauliza amiri, akitabasamu.

"Lichukue kuwa langu. Mtoto amekufa kwa njaa mlangoni pa ghala la zaka, na ndani mna nafaka."

Amiri akaashiria, askari wakamkamata kadhi. Hapo, katika safu za wanawake, akasimama Bi Kulthumu huku akilia kwa woga: "Mwacheni! Mtoto ni wangu." Akasimama mzee mmoja: "Na ndugu yangu yuko wapi?" Kisha wakasimama wengi, hata askari wakatazamana, wakamwachia kadhi.

Amiri akabadilika rangi. "Haya yote mlikuwa nayo? Mbona mwaka jana hakusema mtu?"

"Mwaka jana pia nilisikia," akajibu kadhi. "Nikaapa."

Watu hawakumpa Ghalib mwaka mwingine. Nao walipomsihi Muhsin abaki kwenye ukadhi, alikataa, akalia mpaka ndevu zikalowa: "Mtoto yule amekufa katika mwaka nilioutoa mimi."

Ndugu zangu, tusijifariji kwamba dhuluma ni ya mtawala peke yake. Kimya chetu nacho kitaulizwa, na siku hiyo hatutakuwa na askari wa kumsingizia. Mola atupe ulimi ndani ya hofu, kabla hatujaletewa jeneza dogo.