Mwizi wa Pumzi za Kiboko

Nyamazeni nianze!

— Tumenyamaza, anza!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Na pumzi je?

— Tunazo!

Basi vuteni moja ya njiani, maana huko tunakokwenda pumzi zilikuwa za kugombaniwa.

Alikuwako Kiboko. Alikuwa Kiboko hasa, si mchezo. Akikaa chini, ardhi inauliza nani huyo. Mwaka huo mvua ilikataa katakata, bonde zima likabaki na dimbwi moja tu, na majani mabichi yakabaki ukingoni mwa dimbwi hilo tu. Kiboko akasema dimbwi ni langu. Kiboko akasema majani ni yangu. Nani wa kubisha? Pundamilia akakunja mkia. Swala akakunja mkia. Bi Pimbi hana mkia, akakunja mdomo.

Bi Pimbi huyu alikuwa mjane, mdogo, miguu mifupi, mwenye watoto watatu. Nyumba yake ilikuwa shimo chini ya jiwe, hapo hapo penye njia ya kushukia majini.

Kiboko alikula tangu jua linapokuchwa hadi alfajiri. Alikula, akala, akala. Akishiba, anakula ya akiba. Kukipambazuka anajitupa chali katikati ya njia, pu! tumbo juu, kichwa kimening'inia kwenye mteremko, na usingizi unamchukua.

Ngrooo... fyuuu. Ngrooo... fyuuu. Ngrooo...

Kimya.

Kimya.

HAAAP! Anashtuka macho yamemtoka, anagombania hewa kwa mikono na miguu. Kifua kinawaka moto, na uchungu wa majani ya usiku umempanda mpaka kooni. Kiungulia hicho, jamani, kiungulia cha mtu mzima. Anabeua, bweee, anameza mate, anajitupa tena. Ngrooo... fyuuu. Kimya. HAAAP! Hivyo hivyo hadi jua la utosi. Mzee Shebuge, wewe uliyekaa hapo mbele, usicheke. Tunakusikia usiku, nyumba yako ina madirisha.

Kwa hiyo Kiboko alikuwa akilala lakini halali. Anaamka amechoka kuliko alipojilaza. Akipiga hatua tatu anasimama kuhema, hee, hee, hee. Siku moja aliitisha baraza la maji. Akasema, "Ndugu zangu, kuhusu maji..." akasinzia hapo hapo, mdomo wazi. Wanyama wakakaa na kiu yao wakisubiri neno linalofuata, wakalisubiri mpaka jioni.

Na jambo ambalo hakumwambia yeyote ni kwamba alikuwa anaogopa. Mnyama asiyemwogopa mamba wala moto, aliogopa kufumba macho yake mwenyewe.

Sasa, bonde lile lilikuwa na desturi yake. Kitu kikipotea, hakitafutwi. Anatafutwa aliye karibu na mahali kilipopotelea, na huyo ndiye anayekirudisha. Yai limepotea? Jirani wa kiota alirudishe. Mfupa umepotea? Jirani wa mfupa aurudishe. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje kikipotea kitu kisichoshikika.

Asubuhi moja Kiboko akanguruma, "Nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini, Bwana Mkubwa?" Pundamilia akauliza.

"Pumzi! Nikilala ninazo, nikiamka sina. Kuna mtu anakuja, ananikaba koo, anachukua pumzi yangu. Na akiondoka ananiachia moto kifuani. Nani anakaa karibu na pua yangu?"

Wanyama wakapima kwa macho. Kutoka pua ya Kiboko mpaka mlango wa Bi Pimbi zilikuwa hatua nne, tena hatua za pimbi.

"Mimi?" akasema Bi Pimbi. "Pumzi yote hiyo niitie wapi? Hata nikiiba ya asubuhi moja, si nitapasuka?"

"Desturi ni desturi, shoga yangu," akasema Swala haraka haraka. Swala alikuwa anakaa mbali na pua ile, na siku hiyo alifurahi sana kukaa mbali.

Kiboko akasogea. "Jirani, sasa hivi nalala. Nikiamka na pumzi zangu zote, tumemalizana. Nikiamka sina, siinuki hapa. Na wewe utajua kukosa pumzi kukoje."

Kisha, pu! akajitupa chali juu ya mlango wa Bi Pimbi. Na ndani ya shimo walikuwamo wale watoto watatu.

Jiwe lilikuwa na ufa mmoja, mwembamba, hata kidole hakipiti. Bi Pimbi akaukimbilia, akaweka mdomo hapo.

"Wanangu!"

"Mama, kuna giza. Mama, kuna joto."

"Leteni pua kwenye ufa. Msisukumane. Mkubwa avute, ampishe wa kati. Wa kati avute, ampishe mdogo. Mdogo avute, ampishe mkubwa. Mmenisikia?"

Akatega sikio. Fu. Fu. Fu. Pumzi tatu ndogo, kwa zamu. Kama Kiboko angelala hapo mpaka jua la utosi, ufa ule usingewatosha.

Bi Pimbi akapanda juu ya taya la Kiboko, akakaa karibu na tundu la pua, amngoje huyo mwizi. Miaka yote aliyoishi jirani na makelele yale alikuwa akiziba masikio. Siku hiyo aliyafungua.

Ngrooo... Majani ya ukingoni yakainama kuja upande wa Kiboko. Fyuuu... Yakainama kwenda upande wa pili. Bi Pimbi akastaajabu. Upepo wa kuinamisha majani unaingia ndani ya mtu, unazunguka huko gizani anakojua mwenyewe, kisha unarudi! Na hakuna anayeusukuma. Na mwenyewe amelala, hana habari.

Ngrooo...

Kimya.

Bi Pimbi akaangaza kulia. Hakuna mtu. Akaangaza kushoto. Hakuna mtu. Akatazama chini, akaliona koo lile nene limejilalia lenyewe, limejifunga kama mdomo wa gunia. Kifua kilipanda kuvuta hewa, kikashindwa. Kikapanda tena, kikashindwa. Hewa imejaa bonde zima, hewa ya bure, na Kiboko na nguvu zake zote hawezi kuipata hata kidogo.

HAAAP! Ikaingia. Kiboko akapepesa macho, akabeua, akalala tena kabla hajaamka vizuri.

Manyoya yakamsimama Bi Pimbi. Mwizi hakuwako. Hakuwahi kuwako. Mnyama mkubwa vile, tishio la bonde, alikuwa akiiomba kila pumzi moja moja, sawasawa na watoto wake pale ufani. Bi Pimbi alikuja juu ya taya lile na chuki yake yote, na sasa hakujua aiweke wapi.

Ngrooo...

Kimya.

Akahesabu kumi. Akahesabu ishirini. Midomo ya Kiboko ikageuka rangi ya majivu. Akahesabu thelathini. Swala akanyemelea ukingoni, akanong'ona, "Mwache! Mwache hivyo hivyo! Akifa, maji ni yetu!"

Nisiwafiche, Bi Pimbi naye alikuwa amefikiri hivyo hivyo. Lakini hapo ndipo sauti ilipotoka ufani: "Mama, kumezidi kuwa kuzito."

Akakumbuka. Huyu akifa, anafia mlangoni. Nani atamviringisha? Swala?

Bi Pimbi hakungoja. Akaingiza kichwa ndani ya tundu la pua, mabega na yote, akaikamata ile ngozi laini ya ndani. Kwap!

HAAAAAAP! Pumzi ikaingia, nusura iende naye. Fyuuuuu! Pumzi ikatoka, ikamrusha juu, akaruka, akaruka, akatua matopeni. Pwacha!

Kiboko akaketi kitako kidogo, macho mekundu. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Nani?"

Sasa Bi Pimbi angesema kweli. Lakini niambieni nyinyi, nani atamwambia Kiboko kwamba mwizi ni shingo yake mwenyewe? Akajifuta matope, taratibu, jicho moja, jicho la pili, huku akitafuta uongo wa kumwondoa yule mzito mlangoni kwake.

"Bwana Mkubwa, mwizi wako hana miguu, ila anapanda. Anapanda kwa ngazi ya majani unayokula usiku. Ukilijaza tumbo, ngazi inafika kooni. Ule moto unaousikia kifuani ni nyayo zake."

Kiboko akajigusa kifua. "Hapa hapa! Anapita hapa hapa!"

"Na ukilala chali, unamfungulia mlango."

"Namfungulia mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe."

"Nifanye nini, jirani?" Na sauti yake, jamani, ilikuwa imepungua.

"Majani, kula nusu. Ukimaliza kula usijitupe, tembeatembea kwanza. Ile nusu nyingine iache nje, maana akiyaona majani bado yapo nje, atabaki huko huko kuyalinda. Kisha lala ubavu, kichwa juu, juu ya kichuguu kile." Akanyoosha mkono kwenye kichuguu cha mchwa ng'ambo ya dimbwi, mbali na njia, mbali na mlango. Kingekuwako kingine mbali zaidi, angekionyesha hicho.

Kiboko akamtazama. "Jirani. Mbona dawa yangu mimi inawashibisha nyinyi?"

Bi Pimbi akautupia jicho ule ufa wa jiwe lake.

"Bwana Mkubwa," akasema, "huyu mwizi ni wako peke yako. Sisi tumekula nini, hata apate cha kupandia?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri sana. Lakini usingizi ulikuwa umeshaanza kumvuta kope. Akajiviringisha, akainuka, hee, hee, hee, akaanza kulizunguka dimbwi.

Watoto wakatoka shimoni. Mmoja, wa pili, wa tatu, wamejaa vumbi, midomo wazi. Bi Pimbi akawanusa, akawakumbatia, akalia mbele ya watu bila aibu. Kisha akasema, "Kaeni mgongoni. Tunahama sasa hivi, kabla hajaugundua uongo wangu."

Kule ng'ambo Kiboko alikuwa ameshalala ubavu, kidevu juu ya kichuguu.

Ngrooo...

Bonde zima likashika pumzi kukingoja kile kimya.

Fyuuu. Ngroo... fyuuu. Mmm... fyuu. Mmm... fyuu.

Bi Pimbi akasimama, mguu mmoja hewani. Akahesabu kumi. Akahesabu hamsini. Akahesabu mia, kimya hakikuja. Pumzi iliingia na kutoka, iliingia na kutoka, kama mwenye nyumba anayepita mlangoni kwake asiulizwe kitu. Mwili ukamsisimka Bi Pimbi kutoka kisogoni mpaka pale ambapo mkia ungekuwa. Uongo ule alikuwa ameuokota matopeni, neno moja moja, huku anajifuta macho. Na sasa ulikuwa ng'ambo ile, umelala ubavu, unapumua. Alitamani kumuuliza mtu imekuwaje, na hakuona wa kumuuliza. Akawateremsha watoto mgongoni; kuhama kukaishia hapo.

Wanyama wakashuka majini kwa ncha za kwato. Wakanywa polepole, macho kwa Kiboko. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema tumempata. Swala, yule aliyesema aachwe afe, alikunywa huku machozi yakimdondoka majini, na ukimuuliza analia nini hajui.

Kiboko aliamka jua likiwa linazama. Alikuwa amelala mchana kutwa. Akavuta pumzi moja, akaiachia. Akavuta nyingine, akaiachia pole pole, kana kwamba anaiaga.

"Bi Pimbi," akaita. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Ziko zote."

"Zote, Bwana Mkubwa?"

"Zote. Ulimfanya nini yule mwizi?"

"Nilimuuma," akasema Bi Pimbi, na katika maneno yote ya siku hiyo, hilo ndilo lililokuwa la kweli.

Sasa msije mkaenda kusema alipona. Hakupona. Shingo ni ile ile, tumbo ni lile lile. Zilikuwapo siku ambazo harufu ya majani mabichi ilimshinda nguvu, akala yote, akajitupa chali, na kile kimya kikarudi. Basi Bi Pimbi huacha alichokuwa anafanya, hulizunguka dimbwi kwa miguu yake mifupi, na kuingiza kichwa puani. Kwap! HAAAP! Pwacha! Kisha hurudi nyumbani na matope yake.

Siku moja mtoto wake wa mwisho akamuuliza, "Mama, si siku hizi halali tena mlangoni kwetu? Kwa nini usimwache?"

Bi Pimbi akajipangusa sikio. "Najua halali mlangoni kwetu," akasema. "Lakini wewe hujakaa pale karibu ukaisikia pumzi inavyorudi."

Nimeitua!

— Tumeipokea!

Na fundisho lake mmelipata?

— Hatujalipata, tupe!

Basi shikeni vizuri, mkawaambie na waliolala. Ukikosa pumzi usingizini na kifua kikikuwakia, usipunguze chakula, usigeuke ubavu, wala usihangaike na madaktari. Tafuta jirani mdogo, mlaumu, kisha ukamlalie mlangoni. Ila kwanza hakikisha ana meno.