Upepo wa Breki

Upepo wa breki hautolewi na mtu mmoja. Methali hiyo mmeisikia jana kwa mafundi wa gereji, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilitoka wapi. Mmeuliza pahali panapostahili, kwa maana mimi ndiye niliyeambiwa kwanza, na chanzo chake si cha heshima kwangu.

Ilianza Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, hapa hapa Tukuyu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuiandika kila nilipoanza kazi.

Mke wangu, Subilaga, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akazikwa kwao Ipinda, kule chini Kyela. Watoto walikuwa mbali. Nyumbani tulibaki mimi na Peugeot 404 ya mwaka 1965, gari alilolipenda yeye, nami nikaliacha juu ya matofali kwa miaka kumi na moja. Siku ya mazishi niliapa kwamba mwaka ukitimia nitakwenda kaburini kwake kwa gari hilo, nikiliendesha mwenyewe. Mwaka ulikuwa unatimia Jumapili ya wiki iliyofuata.

Aliyenisaidia kulifufua alikuwa Fundi Angolile. Kila Jumamosi alifika na sanduku lake la spana. Alinyoosha bodi, akafungua injini yote na kuirudisha, akashona viti kwa mkono wake. Alikuwa akisema na gari kama mtu anavyosema na ng'ombe mkaidi. Katika juma zima, sauti yake ndiyo pekee niliyoisikia uani mwangu mbali na yangu. Sikumwambia hivyo. Sisi tuliolelewa bwenini hatukufundishwa kusema mambo ya namna hiyo.

Asubuhi ile zilibaki breki tu. Nikainua mkono kuchukua spana yangu namba kumi na moja, haikuwapo.

Sasa sikilizeni. Katika shule niliyosoma, kitu kikipotea, kila mwanafunzi alifungua sanduku lake, na kiranja akapita akitazama. Hakuna aliyenuna. Asiye na hatia ndiye aliyefungua upesi zaidi. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nilidhani dunia yote huenda hivyo.

"Fundi," nikasema, "hebu fungua sanduku lako."

"Wataka nini humo? Sema nikupe."

"Namba kumi na moja yangu haionekani. Fungua tutazame, kisha tuendelee."

Akaacha kutabasamu. "Tutazame?"

"Ni utaratibu tu. Hata mimi ningefungua langu."

"Bwana Mwaisumo, fundi hapekuliwi sanduku. Anayepekuliwa ni mwizi, na mwizi hapewi gari la mtu."

"Kama hukuchukua, waogopa nini?"

Alipiga magoti, akatoa spana moja moja, akazipanga juu ya majani mabichi, mvua ikizinyeshea. Nyundo, koleo, bisibisi, vyote. Kisha akaniuliza, "Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Haya. Baki na gari lako." Akakusanya vyombo vyake, akaondoka.

Spana niliiona adhuhuri. Ilikuwa chini ya boneti, kando ya betri, pale nilipoiweka mwenyewe. Je, nilimfuata? Sikumfuata. Nilijiambia kwamba utaratibu si tusi.

Nikaamua kumaliza breki mwenyewe. Ninyi hamjui kazi ile, basi nitawaeleza. Upepo ukiingia kwenye mabomba ya breki, pedali huzama kama mguu kwenye tope, na gari halisimami. Ili kuutoa, mmoja hukaa ndani akakanyaga na kushikilia. Mwingine hulala chini kwenye gurudumu, akafungua skurubu ndogo, upepo ukatoka na mafuta, akaifunga kabla mwenzake hajaachia. Mimi nilikuwa mmoja. Nilikaza ubao kati ya kiti na pedali, nikakimbia kwenye gurudumu, nikafungua. Ubao ukateleza, upepo ukaingia upya. Siku nne nilikimbia hivyo. Jirani sikumwita, jirani angeuliza fundi yuko wapi.

Alhamisi nikaenda gerejini kwake kwa miguu. Kumbe habari ilikuwa imetangulia.

"Angolile, fungua sanduku!" fundi mmoja akapaza sauti. "Mkaguzi amefika!"

Wote wakacheka. Nilisubiri wanyamaze. Kisha nikasema mbele yao, "Fundi, nilikukosea. Spana ilikuwa kwangu. Naomba radhi."

Angolile alikuwa akipangusa mikono. "Breki umemaliza?"

"Bado."

"Ulijaribu na ubao?"

"Nilijaribu."

Vicheko vikaanza tena, lakini yeye hakucheka. Akasema, "Upepo wa breki hautolewi na mtu mmoja, Bwana Mwaisumo. Tena anayekanyaga hamwoni aliye chini. Anaisikia sauti tu, na lazima aiamini."

Alikuja jioni ile. Nilikaa ndani ya gari, yeye akalala kwenye matope. Kanyaga. Shikilia. Achia. Giza lilipokaribia, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

Jumapili niliteremka hadi Ipinda. Breki zilishika kila kona. Nilipanda maua, nikakaa kaburini mpaka jua likageuka, nikarudi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu kama kilivyokwenda.

Jumatatu nikapita tena gerejini. "Fundi, nina deni kwako," nikasema. "Niambie nililipeje. Na Jumamosi nakungoja."

"Radhi niliipokea," akajibu. "Breki nilizishika kwa sababu mteremko wa Kyela ungekuua, na marehemu hakunikosea kitu. Deni lipo, Bwana Mwaisumo, lakini silidai, na malipo yake siyataki. Jumamosi sitakuja."

Hakuja Jumamosi ile, wala nyingine yoyote. Mafundi wenzake waliyachukua maneno yake, yakaenda gereji hadi gereji, mpaka yakawafikia ninyi. Wao hucheka wakiyasema. Mimi nayasema kama nilivyoyapokea: upepo wa breki hautolewi na mtu mmoja.