Kombo Aliyefumua Kamba Zake

Hapo zamani, na anayebisha akaulize kwingine, alikuwapo mchoma mishikaki wa Tanga, Bwana Hemedi Jumbe, aliyekula mafuta kuliko wateja wake. Ndani ya mshipa mmoja wa moyo wake kulikuwa na mji, na wakazi wake ni seli.

Ukingoni, damu inapopita, alikaa Mwanasha, akilinda mlango wa ukuta. Nyuma yake, ukutani, walikaa kaka zake wawili, Kombo na Shomari. Hao ni seli za misuli, tumbo limejaa kamba. Damu ikija kwa kishindo, wanakaza. Ikitulia, wanalegeza. Kaza, legeza. Kaza, legeza. Na desturi ya mji ni hii: wa ukingoni anakunywa kwanza, wa nyuma anasubiri kinachochuruzika.

Kombo hilo lilimkera mpaka kwenye nyongo.

"Dada anakunywa, anajifuta mdomo, sisi tunalamba masalio," alimwambia Shomari. "Kwani kazi yake nini, kukaa kama bi harusi?"

"Kaza kamba, kaka."

Akakaza, lakini jicho liko ukingoni.

Siku moja presha ya Bwana Hemedi ikapanda, na mafuta yakapenya yakamchana Mwanasha ubavuni.

"Kaka zangu, napasuka," akaita. "Aje mmoja."

Kombo hakungoja kuitwa tena. Akafumua kamba zake tumboni, moja baada ya moja, hata hakubaki na ya kukazia. Mahali pake akajaza vifaa vya kufumia. Akatambaa mpaka ukingoni, akafuma kiraka, kidonda kikafunikwa. Hapo ndipo alipoonja funda la kwanza la damu. Lilikuwa tamu ajabu.

"Ahsante, kaka. Kinatosha. Rudi ukamsaidie Shomari."

"Bado kidogo, dada."

Akafuma. Akazaa wengine kama yeye, nao wakafuma. Njia ya damu ikasonga.

Shomari, huko nyuma, alikaza kwa nguvu za wawili. Aliona njia inavyoziba, na sauti alikuwa nayo, ila kijicho kilimzuia asiite. "Aliyefuata kinywaji na ashibe," akajisemea.

Mchana mmoja Bwana Hemedi akashika kifua mbele ya jiko lake la mkaa. Wakamkimbiza hospitali, akapewa dawa, akakatazwa mafuta, akapona. Moyo, mkubwa wa mji, ukawaita wale watatu.

"Njia imekuwa nyembamba," ukasema. "Ukingoni imebaki nafasi moja. Aliyeuokoa mji ataichukua, wengine watakaa nyuma maisha."

Mwanasha akasema, "Mimi niliumia kazini, na mimi niliita. Nisingeita, mngekuwa wapi?"

Shomari akasema, "Mimi sikuiacha kamba. Tungekuwa wafumaji sote, mshipa ungelegea kama soksi kuukuu."

Kombo akawatazama, roho inamwaka kwa kuwaza kurudi kulamba masalio. "Kiraka changu kikitoka leo, tunapasuka leo. Nilitoa kamba zangu zote. Nyie mlitoa nini?"

"Na njia aliiziba nani?" Shomari akauliza.

"Na nani aliona akanyamaza?"

Mwanasha akacheka kichinichini. Wote wawili wakamgeukia. "Na mafuta, dada, yaliingilia mlango wa nani?"

Kicheko kikaisha. Moyo ukapiga mara tatu, haukutamka jina. Damu hiyo inakuja, wasikilizaji, na ukingoni pana nafasi ya mmoja tu. Je, nani alistahili funda la kwanza?