Nani Asimame Mbele ya Mama Kafui?

Haya, sogeeni. Aliyeshiba asisinzie, na mwenye njaa avumilie kidogo, maana hadithi hii inataka hukumu, na hukumu ya mtu anayesinzia haina uzito.

Mbali huko magharibi, Ghana inapopakana na Togo, palikuwa na kijiji kiitwacho Adzokope. Mpaka ulikipita katikati kama kisu kinavyopita kwenye papai, na nyumba ya Mama Kafui ndiyo iliyokatwa. Jiko lilikuwa Ghana, ua ulikuwa Togo. Mama huyo alifua nguo nchi moja akazianika nchi nyingine, wala hakuna askari aliyewahi kumuuliza karatasi.

Alikuwa na watu watatu. Binti yake mkubwa, Esinam, aliishi Akra, Ghana. Kipaji chake kilikuwa ulimi: hakuna mlango aliougonga ukakataa kufunguka. Mwanawe Yaovi aliishi Lome, Togo. Kipaji chake kilikuwa mwendo: ukimwita, hujamaliza jina lake na pikipiki imeshasimama mlangoni. Wa tatu ni Dzifa, mjane wa mwanawe marehemu, aliyebaki na mkwewe palepale mpakani. Yeye kipaji chake ni subira. Angechambua gunia zima la mchele, punje kwa punje, bila kuguna.

Basi Mama Kafui akaingiwa na mtoto wa jicho, la kushoto kwanza, halafu la kulia, mpaka akawa anamjua mtu kwa kikohozi chake. Watoto wakasema kipofu haishi mpakani. Na huko kwao, anapokaa mama ndipo panapoitwa kwetu. Harusi hupangwa hapo, magomvi huamuliwa hapo, na wajukuu hukua wakijiita watu wa nchi hiyo. Kwa hiyo kila mmoja alimtaka kwake.

Esinam akaanza, akakaa naye mwezi mzima. Kule Akra Mama alisikia friji ikinguruma, feni ikizunguka, maji yakitoka ukutani kama yameitwa. Alipewa na kadi ya bima ya kutibiwa. Lakini alisikia pia kila mtu ana haraka, na sokoni, alisema, bei hupanda kabla hujatoka kwenye vitunguu kufika kwenye nyanya.

Mwezi wa pili akaenda kwa Yaovi. Kule Lome maji yalikuwa ya kisima na friji haikuwapo. Lakini chakula kilikuwa rahisi, mkate ulikuja wa moto kila asubuhi, na hakuna jirani aliyepita bila kuingia kumjulia hali. Ila alipopatwa na homa alitibiwa kwa chai ya majani, maana kwenda kwa daktari kulihitaji kikao cha ukoo.

Ndugu wawili wakaanza kubishana, na ubishi wao ukawa burudani ya kijiji.

"Mnajivunia mkate," Esinam alisema. "Mtu akiugua, mnampa mkate?"

"Na nyinyi mnajivunia friji, dada," Yaovi akajibu. "Umeme ukikatika inakuwa kabati."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alipoulizwa maisha bora yako wapi, akasema mwanamke mwenye akili hanunui kitambaa gizani. Wampe jicho kwanza, ndipo atachagua.

Esinam akaingia kazini. Katika hospitali kubwa ya Akra, foleni ya kupasuliwa macho ilifika mwaka unaofuata. Yeye akaenda siku tisa mfululizo. Akamsalimia mlinzi, akamsalimia mfagiaji, akawauliza manesi hali za watoto wao kwa majina. Siku ya kumi mgonjwa mmoja hakutokea, na jina la kwanza lililokuja kinywani mwa nesi lilikuwa la Mama Kafui. Akapasuliwa jicho moja, likafungwa bendeji ya kufunguliwa gizani tu, wakati wa kutia dawa. Daktari akatoa masharti mawili: wiki mbili asiiname, na dawa ya matone itunzwe kwenye baridi.

Yaovi zamu yake ikaja siku ya nne. Mama alikuwa amerudi Adzokope, kwa kuwa alitaka kupona kwenye kitanda chake. Umeme ukakatika siku mbili, dawa ikaharibika ndani ya friji ya jirani, na jicho likavimba. Maduka ya dawa ya karibu upande wa Ghana hayakuwa nayo. Yaovi akaipata Lome, akaomba barafu kwa wauza samaki, akaifukia chupa ndani ya ndoo yao, akaruka na pikipiki. Alifika barafu imebaki kama ngumi. Mama akanusa, akauliza aliyekuja ni mwanawe au ni samaki changu. Jioni hiyohiyo uvimbe ukaanza kushuka.

Na Dzifa? Ngojeni niwaambie kuhusu watu wale. Kwao mwanamke akisalimiwa na mkubwa hupiga magoti nusu na kuinamisha kichwa, na asiyeinama ametukana. Wageni wakamiminika kutoka nchi zote mbili kumpa pole, na Mama Kafui, kwa malezi yake, kila akisikia sauti alitaka kuinama. Kuinama mara moja tu, jicho limekwenda. Dzifa akakaa ubavuni pake siku kumi na nne. Mgeni akisalimu, mkono mmoja humzuia Mama kifuani, na mwenyewe huinama mara mbili. "Hii yangu," husema, "na hii ya Mama." Wazee walionuna aliwainamia mara ya tatu. Magoti yake yakavimba kama maboga.

Siku ya kumi na tano nesi akaja kufungua bendeji. Watu wamejaa uwani. Mama Kafui akasema, "Nimechoka kuzipima nchi kwa masikio. Uso nitakaouona kwanza ndio nitakaoishi nao mpaka nife. Asimame mmoja mbele yangu. Patananeni."

Esinam akasema, "Bila mimi angekuwa bado kwenye foleni. Jicho lilifunguliwa Ghana."

Yaovi akasema, "Lilifunguliwa Ghana, likaanza kufa Ghana, likaponywa na Togo."

Dzifa naye akaulizwa. "Wifi, shemeji, yote mliyosema ni kweli. Lakini foleni na dawa vilikuwa vya siku chache, na mimi nitakuwapo hata siku ambazo hakuna anayeugua. Akibaki hapa, nyote mtakuja kwa mama yenu bila kuonyesha karatasi. Mkimhamisha, mmoja wenu atakuwa mgeni kwake, na mimi nitarudishwa kwa baba yangu kama sahani ya kuazima."

Hakuna aliyesogea mbele, na hakuna aliyerudi nyuma. Nesi amefungua mzunguko wa mwisho, ameushikilia kwa vidole viwili, na Mama Kafui amenyoosha shingo.

Mimi jawabu langu ninalo, na silitoi. Tuanzie na wewe unayetabasamu. Mkono wa nesi unachoka: ungemsimamisha nani?