Ukuta Uliotoa Jasho

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo sitapaza sauti. Nataka niwaambie habari za mtu mmoja ambaye hakuiba, hakulewa, hakumpiga mkewe, na kila asubuhi alifika kazini kabla ya wenzake. Nimemtunga mwenyewe, msiende kumtafuta. Ila mkiona anafanana na mtu mnayemjua, hilo mtalimaliza wenyewe na Mungu.

Mtu huyo alikuwa mtaalamu wa serikali. Kazi yake ilikuwa kupima usalama wa migodi. Alikwenda machimboni, akashuka chini, akapima hewa na miamba, kisha akarudi ofisini kuandika alichokiona. Na alikuwa makini. Wenzake wengine walipimia mdomoni pa shimo ili viatu visichafuke. Yeye alishuka mpaka mwisho, akatoka na tope masikioni.

Siku moja ofisini kwao ikafika barua iliyoandikwa kwa mkono, kutoka kwa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu. Walisema duara lao, yaani lile shimo wanalochimbia, limeanza kutoa jasho ukutani upande wa magharibi. Wazee wa pale wanakumbuka kwamba upande huo kuna duara la zamani lililoachwa likajaa maji, lakini hakuna anayejua limekaa umbali gani. Wao wamekwisha kuuacha upande ule. Wanaiomba serikali ije iwapimie wajue.

Mtaalamu akatumwa. Alikaa pale siku tatu, akila kwa mama mmoja aliyewapikia wachimbaji, wanamwita Mama Milembe. Mumewe alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia mgodi usiporomoke, na kwa kuwa alilijua duara kuliko wote, yeye ndiye aliyemshusha mgeni.

Walifika mpaka kwenye ule ukuta. Fundi akashika tochi. Mtaalamu akabandika kifaa chake juu ya mwamba, kifaa kinachopeleka mlio ndani na kuusikiliza unavyorudi. Kikamwonyesha mita moja na robo. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Mita moja na robo ya mwamba uliolowa, na nyuma yake maji yaliyosimama kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Akakiondoa kifaa mwambani.

"Inasemaje, mtaalamu?" fundi akauliza.

"Lazima tukachambue kwanza."

"Itachukua siku ngapi?"

"Kuna utaratibu wake."

Kwa nini hakusema? Msidhani alikuwa mtu katili. Ofisini kwao kulikuwa na kanuni: matokeo hayatoki kinywani mwa mtafiti kabla mkurugenzi hajatia sahihi. Mwenzake mmoja aliwahi kuivunja, akahamishiwa stoo kutunza mawe, na mpaka leo yumo humo. Tena akajipa moyo kwamba hawa watu wameshauacha ule upande wenyewe, sasa haraka ya nini? Wapendwa, tunapotaka kunyamaza huwa hatukosi sababu, na nyingi huwa za kweli.

Asubuhi ya kuondoka Mama Milembe alimletea chai.

"Shikamoo, mtaalamu."

"Marahaba, mama."

"Baba Milembe kaniambia mlifika mpaka kule. Mimi shule sikwenda, nakuuliza kwa lugha ya jikoni. Kule kuko salama?"

Mtaalamu akatazama chai yake. Alikuwa na jibu mdomoni, neno moja tu, hata mtoto angeweza kulisema.

"Majibu yatakuja kwa maandishi, mama. Yatapitia wilayani."

"Haya. Tutangoja." Akamfungia viazi vya kuchemsha vya njiani, na yeye akashukuru kwa adabu, akapanda gari.

Ripoti aliiandika vizuri sana. Kurasa sitini na nne, kwa Kiingereza, na michoro ya rangi. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja aliandika kwamba ukuta ule hautahimili, na kwamba watu wote waondolewe mara moja. Mara moja. Kisha ripoti yenye neno hilo ikaanza kutembea. Kamati ikairudisha kwa sababu ya ramani. Akarekebisha ramani. Ikairudisha kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Akarekebisha herufi. Mwezi wa pili ikapita, mkurugenzi akamwita akampa mkono, akasema kazi ya namna ile haijawahi kuonekana katika taasisi yao, na lazima izinduliwe kwa heshima. Ila mgeni rasmi alikuwa safarini. Ikabidi angojwe.

Mtaalamu alijaribu mara moja. Alisema, "Mkurugenzi, ule ukurasa wa arobaini na moja, naona tungewatumia wenyewe mapema."

"Si umeuweka kwenye ripoti?"

"Nimeuweka."

"Basi wewe umetimiza wajibu wako."

Na hapo, ndugu zangu, mtu yule alisikia mwili umekuwa mwepesi. Alitoka ofisini mle kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Namba ya simu ya yule fundi alikuwa nayo. Siku nyingine akitafuta namba ya mtu mwingine aliipita, akaiona, akaendelea kutafuta.

Mwezi wa tatu, Jumanne, saa nne asubuhi, ukuta ukafunguka. Wanaume kumi na mmoja walikuwa chini. Aliyekuwa juu anavuta kamba alisema alisikia kishindo kimoja, halafu upepo ukatoka shimoni, halafu kimya. Maji yalipanda yakasimama hatua chache kutoka mdomoni, meusi, vipande vya matimba vikielea juu yake.

Ofisi ikamtuma yeye, kwa kuwa ndiye aliyepajua. Alimkuta Mama Milembe ameketi kwenye benchi la wateja, jiko limezimika, wanawake wenzake wamemzunguka. Wakampisha, kwa heshima ya serikali.

"Pole sana, mama."

"Asante." Akamtazama. "Ulijua?"

"Niliandika, mama. Ripoti ipo. Kila kitu kimo."

"Sikukuuliza kama uliandika."

Yule mama hakulia wala hakumtukana. Alisema polepole, kama anayemweleza mgeni njia:

"Ule ukuta walikuwa wanauogopa. Hata ungewalipa, wasingeugusa. Tukakungoja. Mwezi wa kwanza, wa pili. Upande wa pili dhahabu ikakatika, watu wakaanza kulala njaa. Ndipo mume wangu akawaambia wenzake, yule mtaalamu nilimshikia tochi kwa mkono wangu, nikamwona anapima mara tatu. Mtu aliyesoma vile, aliyekula chakula cha mke wangu, angekiona kifo pale asituambie? Angekiona angesema. Hajasema kitu, basi pako salama. Mume wangu ndiye aliyewashawishi. Yeye ndiye aliyetangulia."

Kisha akamaliza.

"Usingekuja, wangekuwa hai."

Ripoti ilizinduliwa mwezi uliofuata. Mgeni rasmi alifika, akawaomba watu wasimame dakika moja kuwakumbuka marehemu. Mtaalamu alisimama pamoja na wengine. Kisha wakapiga picha.

Wapendwa, mmesikia alichosema yule mama? Kabla mtaalamu hajaja, watu wale walikuwa na mlinzi. Hofu yao ilikuwa inawalinda. Alikuja mtu anayejua, akaona, akanyamaza, na ukimya wake ukaiua hofu yao. Ndicho nilichotaka tukione leo. Tumezoea kusema, mimi simo, sikusema lolote. Nani alikudanganya kwamba ukinyamaza hujasema? Mtu anapokuuliza nawe unajua, kukaa kwako kimya ni jibu. Na yeye atalipokea, atalipeleka nyumbani, ataligeuza kuwa ruhusa.

Najua sasa hivi mnafikiria serikali. Nawaona wengine mnatikisa vichwa, mnasema kweli kabisa, ofisi zetu ndivyo zilivyo. Acheni ofisi. Sisi je? Wewe mama unayejua kisima cha jirani kimeingiliwa na choo, ukaona aibu kumwambia, umekaa kimya, nawe kwako unachemsha maji? Wewe unayejua gari la shemeji yako breki hazishiki, kwa sababu ulimtengenezea wewe? Wewe mzee wa kanisa unayejua mambo ya mwenzako, ukayaleta kwenye kikao, yakaandikwa kwenye muhtasari, yakafungiwa kabatini, ukarudi nyumbani mwepesi?

Na mimi sijitoi. Binti mmoja aliwahi kunifuata baada ya ibada akaniuliza habari za mchumba wake. Nilikuwa nazijua. Mama wa yule kijana alikwisha kunieleza, huku analia, anavyowapiga dada zake. Nikamwambia binti, tuombe, Mungu atakuonyesha. Nilidhani nimesema jambo la kiroho. Yeye akaenda kwao akawaambia, mchungaji hana pingamizi. Nikawafungisha ndoa. Siku hizi yule binti hasali hapa, na simlaumu.

Kwa hiyo leo sitawaombea mpate ujasiri. Tumeomba sana katika nyumba hii, na baadhi ya maombi yetu yalikuwa njia ya kunyamaza. Kuna mtu ambaye unajua jambo linalomhusu. Jina lake limeshakujia, tangu nilipoanza kuwauliza. Tukimaliza hapa usisimame mlangoni kusalimiana. Nenda kwake kwa miguu yako, ukamwambie kwa lugha ya jikoni.